Mapambo ya Samani Kuukuu Darasani

Kila ufikapo wakati wa mazoezi ya kufundisha, walimu wanafunzi wengi huingiwa na bidii ya kupamba. Makabati yaliyochakaa na stuli za zamani hupakwa rangi, kisha huhamishiwa picha kutoka katika majarida. Nasi wakufunzi tupitapo kukagua, aghalabu hutoa maksi nzuri za zana za kufundishia kwa kuvutiwa na wingi wa rangi. Mimi siungi mkono desturi hiyo. Siibezi kazi ya mikono, bali nauliza: picha ile imewekwa pale ili imfundishe mtoto jambo gani, na kwa miaka mingapi?

Ufundi huu si mpya. Katika karne ya 18 mafundi wa Venice, nchini Italia, waliiga samani za laki za Uchina na Japani, ambazo zilikuwa ghali mno. Walikata picha zilizochapwa, wakazitia rangi, wakazibandika juu ya mbao, kisha wakazifunika kwa vanishi tabaka juu ya tabaka hata ukingo wa karatasi usionekane. Kiwanda cha akina Remondini katika mji wa Bassano kilichapa karatasi za picha kwa kazi hiyo. Shabaha yao ilikuwa kupendeza macho ya mgeni sebuleni. Shabaha ya darasa ni nyingine kabisa.

Siku hizi njia inayopendwa ni ya kuhamisha wino. Picha hutolewa kwa mashine ya kunakili inayotumia wino wa unga. Mbao hupakwa gundi nyeupe ya seremala. Karatasi hulazwa kifudifudi na kuachwa ikauke usiku kucha. Kesho yake karatasi hulowanishwa na kusuguliwa polepole kwa kidole mpaka itoke yote, na wino hubaki katika gundi. Ni kazi ya kustaajabisha, na wanafunzi huifurahia. Lakini picha iliyohamishwa hivyo hubaki imegeuzwa kama ionekanavyo kwenye kioo. Andika neno “baba” uone: litaanzia kulia kwenda kushoto, na b zake zitakuwa kama d. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye bado anahangaika kutofautisha herufi hizo mbili, atalitazama kabati hilo kila siku.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, kwa kuwa halionekani siku ya ukaguzi. Chati ya ukutani ikipitwa na wakati hubanduliwa. Picha iliyo chini ya vanishi haibanduki kwa urahisi. Chukulia ramani ya mikoa ya Tanzania iliyowekwa kwenye mlango wa kabati mwaka 2010. Mwaka 2012 ilianzishwa mikoa ya Geita, Katavi, Njombe na Simiyu, na mwaka 2016 ukafuata Songwe. Kabati hilo, likiwa bado imara, lingekuwa linafundisha uongo kwa rangi nzuri. Basi, vitu vinavyobadilika visiwekwe kwenye mbao. Sehemu za mmea, maumbo ya jometri, au mizani ya sentimita kwenye ukingo wa meza, hivyo ndivyo vinavyostahili vanishi.

Na kwa nini picha itoke katika jarida, wakati darasani mna watoto arobaini wenye kalamu? Mtoto na achore jani la mhogo alilolichuma mwenyewe. Mwalimu apake unga wa mkaa nyuma ya karatasi hiyo, ailaze juu ya mbao huku mchoro ukitazama juu, kisha mtoto apitishe penseli juu ya mistari yake. Mistari itahamia kwenye mbao bila kugeuka, nayo itajazwa rangi kwa brashi. Njia hii haihitaji mashine wala umeme. Mtoto aliyehesabu ncha za jani ili alichore hatazisahau upesi.

Neno moja kuhusu usalama, maana naona linapuuzwa. Rangi kuukuu huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Rangi hiyo isisuguliwe kwa msasa mkavu, wala watoto wasiwepo inapoondolewa. Loanisha msasa, fanyia kazi nje, ukusanye mabaki yote na kunawa mikono. Vilevile mguu uliolegea uimarishwe kwanza; rangi haimzuii mtoto kuanguka.

Kwa walio na kabati moja tu, shauri langu ni hili: ubavu mmoja uwe wa michoro ya kudumu ya wanafunzi, na mlango upakwe rangi ya ubao. Hapo juu ya mlango chora ramani kwa chaki, uifute, uichore tena mwakani.