Kwani Tunamdai George R. R. Martin?

Mtaje George R. R. Martin mahali wameketi wasomaji wa riwaya za fantasia, halafu kaa kando utazame moto ukiwaka. Mmoja atakuambia huyo mzee ni fundi, hajatokea mwingine. Wa pili atasonya. Wa tatu atasema alimwacha kitambo, kwenye kitabu cha nne. Wa nne hajawahi kufungua hata kitabu kimoja, lakini alitazama Game of Thrones yote na bado ana uchungu na msimu wa nane. Wa tano atauliza lile swali: "Kwani The Winds of Winter inatoka lini?"

Kama hujui stori, hii hapa kwa kifupi. Martin, Mmarekani aliyezaliwa 1948, alitoa A Game of Thrones mwaka wa 1996. Alikuwa amepanga vitabu vitatu tu, mpango ukanenepa hadi saba. Cha tatu kilitoka 2000, cha nne 2005, cha tano Julai 2011. Kuanzia hapo tumebaki tukingoja cha sita. Mtoto aliyezaliwa siku hiyo ya 2011 sasa ni tineja mwenye sauti nzito, na sisi bado tuko palepale tulipoachwa.

Sasa, wanaomtetea wana hoja moja kubwa. Mwaka wa 2009, msomaji mmoja alimwandikia mwandishi Neil Gaiman akilalamika kwamba Martin anachelewesha kazi. Jibu la Gaiman lilikuwa kali: Martin si mtumwa wako. Ulilipia kitabu, ukapewa kitabu, mambo yakaisha. Kwa lugha ya mtaani, ukinunua chapo umekula chapo. Huwezi kumshika mama wa kibanda shati kesho yake eti anakudai... hapana, eti unamdai nyingine.

Hoja ni nzuri, lakini mimi hainiingii yote. Riwaya ya mfululizo si chapo. Inafanana zaidi na matatu ya Kisumu. Umepanda Nairobi, umelipa, halafu mnafika Nakuru dereva anazima injini anaingia hotelini kunywa chai. Ukiuliza, unaambiwa si umeona Naivasha? Si Naivasha ilikuwa poa? Ilikuwa poa sana, lakini bango la gari lilisema Kisumu.

Na bango aliliandika mwenyewe. Mwishoni mwa kitabu cha nne aliwaambia wasomaji kwamba ana matumaini cha tano kitafuata mwaka ujao. Kilichukua miaka sita. Januari 2016 akatangaza kwamba amepitwa na makataa ya kumaliza cha sita, na akakiri kwamba hata yeye amevunjika moyo. Katikati ya hayo yote akatoa Fire & Blood, 2018, historia ndefu ya ukoo wa Targaryen ambayo wengi wetu hatukuwa tumeiomba. Kwa hivyo ukisikia msomaji amekasirika, usimwambie ana kiburi. Mtu hukasirikia kitu anachokipenda.

Kuna ugomvi mwingine ambao hauhusu muda. Ni kuhusu kama vitabu vya nne na tano ni vizuri. Hadithi ilikuwa imekua kubwa hivi kwamba Martin aliikata vipande viwili kulingana na wahusika. Ukiwa wa timu Tyrion au Daenerys, ulikula sura zao mwaka wa 2000 na hukuzipata tena hadi 2011. Wasomaji wengi wanasema hapo ndipo gari lilipoanza kukohoa: safari nyingi, vyakula vingi, majina mapya yasiyoisha.

Mimi niko upande wa wale wachache wanaopenda kitabu cha nne, A Feast for Crows. Vitabu vitatu vya kwanza vinakuonyesha mabwana wakubwa wakipigania kiti. Cha nne kinakutembeza kwa waliobaki na matanga. Brienne anazunguka kwenye nchi iliyochomwa, mashamba yametelekezwa, watu wananing'inia mitini. Kuna mhubiri mmoja hapo, Meribald, anatembea bila viatu, na anaeleza vile kijana maskini anachukuliwa kijijini kwenda kupigania bwana asiyemjua, halafu vita vinamvunja anageuka jambazi. Tunasema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Martin alichukua kurasa nyingi kutuonyesha nyasi zenyewe, na mashabiki wakasema inaboo. Kwangu hiyo ndiyo sehemu inayomtofautisha na waandishi wengine wote wa majoka na panga.

Halafu fikiria hii. Martin amesema mara nyingi kwamba kuna waandishi wa aina mbili: mjenzi anayechora ramani ya nyumba kabla ya kuweka jiwe, na mtunza bustani anayepanda mbegu aone itaota nini. Yeye ni wa bustani. Ndiyo sababu kitabu cha kwanza kilikushtua pale Ned Stark, mtu uliyedhani ndiye shujaa wa stori yote, alipokatwa kichwa. Na ndiyo sababu bustani sasa imekuwa msitu na mwenyewe anatafuta njia ya kutokea. Kitu kilichotufanya tumpende ndicho kinachotuchelewesha.

Wale wa "amalize tu, vyovyote vile" nao wakumbuke televisheni. Kufikia 2016 kipindi cha HBO kilikuwa kimepita vitabu. Watayarishaji walijua vituo vikuu vya safari lakini barabara ya kufika huko haikuwa imeandikwa. Wakakanyaga mafuta hadi mwisho, Mei 2019, na zaidi ya watu milioni moja wakatia sahihi ombi la kutaka msimu wa nane urudiwe. Mwisho tuliupata. Tuliufurahia?

Hapo ndipo wengine huleta jina la Robert Jordan. Jordan alifariki 2007 kabla ya kumaliza The Wheel of Time, na Brandon Sanderson akaikamilisha kwa vitabu vitatu, cha mwisho Januari 2013. Wengi walishukuru. Lakini Jordan alikuwa ameacha maandishi ya kuongoza kazi, na familia yake ndiyo iliyomchagua Sanderson. Hakuna shabiki aliyemkimbiza Jordan kaburini. Linganisha na Agosti 2025, kongamano la Worldcon mjini Seattle. Mtu anasimama mbele ya Martin, akiwa ameketi hapo jukwaani, na swali lake ni kama Sanderson au mwingine ataimalizia hadithi, kwa kuwa mzee hana muda mrefu duniani. Ukumbi ukamzomea, na vizuri sana. Kumhesabia mtu siku zake akikusikia si ushabiki, ni kukosa adabu.

Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza. Kila harusi, kila matanga, kuna shangazi atanivuta pembeni: "Na wewe, utamaliza lini?" Wacha nikuambie kitu kuhusu hilo swali. Halijawahi kumsaidia mtu kumaliza chochote.

Lakini kinachonisumbua zaidi ya matusi ni kiapo fulani ambacho nakisikia kila mahali sasa. "Mimi sianzi sirizi yoyote mpaka iishe." Martin ametuchoma, Patrick Rothfuss naye ametuchoma, kitabu chake cha pili kilitoka 2011 na cha tatu bado, kwa hivyo tumejifunza. Inasikika kama akili, lakini fuata pesa uone inaenda wapi. Mchapishaji huangalia mauzo ya kitabu cha kwanza ndipo aamue kama cha pili kina maana. Kama sote tunangoja sirizi iishe, cha kwanza hakiuzi, na sirizi inakufa ikiwa changa. Martin hapotezi hata shilingi, alishalipwa zamani. Anayeumia ni yule dada wa miaka 24 aliyechapisha sehemu ya kwanza ya hadithi yake kwa pesa zake, anaiuza mia tano kwa M-Pesa, na kila anayemfikia anamwambia, "Nitanunua ukimaliza zote."

Na sisi tunajua kungoja. Tumelelewa na neno "itaendelea" chini ya hadithi gazetini. Kila usiku kuna watu wanasoma hekaya za Facebook na kupiga kelele waletewe sehemu inayofuata. Mwandishi wa hekaya akipotea wiki mbili tunamtukana, halafu akirudi tunasoma. Kwa nini yule mwenye kitabu tunamdai ukamilifu kabla hajapata mia tano ya kwanza?

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu. Martin hatuwezi kumlazimisha, lakini aliahidi, na kukumbusha ahadi si dhambi. Kasirika. Sema kitabu cha tano kilikuvunja moyo kama kilikuvunja. Mwili wake na umri wake, hayo yaache. Na hasira hizo usizimwage kwa mwandishi mchanga ambaye hajakukosea.

Kama hujawahi kumsoma Martin, tafuta A Game of Thrones kwa wale jamaa wanaotandika vitabu vya mitumba kando ya barabara mjini. Hutafika Kisumu, nimekuonya. Lakini lipia pia sehemu ya kwanza ya mtu wa hapa, leo, kabla hajamaliza. Asipouza hiyo, hakutakuwa na sehemu ya pili ya kungoja.