Draiva iulizwe kaunta, si kwa fundi

Mtu akiwekewa Linux kwenye laptopu ya mtumba, kisha Wi-Fi ikagoma kuwaka au mashine ikifunikwa isiamke tena, hukumu hutoka papo hapo: Linux haina draiva, rudisha Windows. Fundi habishani. Anapiga Windows ya kukrakiwa, mteja analipa, kesi inafungwa. Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana imedumu, lakini inamtia hatiani asiyehusika. Draiva ni programu inayouwezesha mfumo endeshi kuamrisha kipande fulani cha mashine: kadi ya mtandao, spika, kamera, skrini. Anayejua jinsi kipande hicho kinavyoamrishwa ni aliyekitengeneza. Asipoandika draiva, wala asitoe maelezo ili wengine waiandike, wanaobaki nje hukisia kwa miaka. Windows yenyewe haina uganga wowote hapo. Watengenezaji huiandikia draiva kwa sababu ndiyo yenye wateja wa laptopu. Kwa hiyo suala la draiva ni la biashara kabla halijawa la ufundi, na wilaya kama Songwe, yenye makao yake makuu Mkwajuni, ingefaidika zaidi kulimaliza kabla ya kulipa fedha kuliko kulihangaikia baada ya kulipa.

Tuchukue Broadcom, jina ambalo kila aliyewahi kuhangaika na Wi-Fi kwenye Linux analifahamu. Chipu yake ya BCM43142 iliwekwa kwenye laptopu nyingi za bei nafuu miaka kumi na zaidi iliyopita, na mpaka leo huhitaji draiva ya siri ambayo haimo ndani ya kerneli (kiini) ya Linux. Ni lazima iletwe pembeni. Ukiishia hapo utasema Linux na Broadcom haviivi. Lakini Raspberry Pi, kile kikompyuta cha Uingereza kinachoenea kiganjani, nacho kimejengwa juu ya chipu za Broadcom, na toleo lake la tatu la mwaka 2016 lilikuja na Wi-Fi ya Broadcom vilevile. Hiyo huwaka mara ya kwanza, bila kutafutiwa chochote, na mfumo wake ni Linux. Huko Karatu, mkoani Arusha, shirika la Powering Potential liliziwekea shule za sekondari vikompyuta hivyo, umeme wa jua na maktaba ya RACHEL isiyohitaji intaneti, na hakuna mwalimu aliyelazimika kujifunza jina la chipu. Mtengenezaji ni yuleyule, mfumo ni uleule, matokeo ni tofauti. Kilichobadilika ni kwamba muuzaji wa Raspberry Pi aliahidi Linux tangu mwanzo na akawajibika nayo, ilhali muuzaji wa ile laptopu hakuahidi lolote.

Nvidia inatoa ushahidi wa aina hiyohiyo kwa upande mwingine. Mwaka 2012 Linus Torvalds, aliyeianzisha Linux mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, aliitukana kampuni hiyo hadharani mbele ya wanafunzi wa Finland kwa jinsi ilivyokuwa ngumu kushirikiana nayo. Miaka 10 baadaye, Mei 2022, Nvidia ikafungua msimbo wa sehemu ya draiva inayokaa ndani ya kerneli. Sidhani kama ni matusi yaliyoilainisha. Katika miaka hiyo kadi zake zilikuwa zimegeuka bidhaa ya vituo vikubwa vya data, na vituo hivyo huendeshwa kwa Linux. Mnunuzi alipokuwa mkubwa, draiva ikapatikana. Nao watengenezaji wa Linux wamelegeza misimamo yao. Debian, iliyokataa kwa miaka mingi kuweka programu za siri za vifaa ndani ya flashi yake ya kusakinishia, ilipiga kura mwaka 2022 ikakubali, na toleo la 12 lililotoka Juni 2023 huja nazo. Malalamiko mengi yanayosikika leo kuhusu Wi-Fi ni ya enzi iliyopita, ingawa si yote: baadhi ya chipu za Realtek bado husumbua, na visomaji vingi vya alama za vidole havina matumaini.

Sasa tuje kwenye mfuko. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya bure ya kuziba mianya ya usalama kwenye Windows 10. Windows 11 nayo hubagua mashine: hutaka kinga ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yake, ambayo kwa Intel huanzia, isipokuwa chache, kizazi cha nane. ThinkPad T470 ya mwaka 2017 imeachwa nje; T480 ya mwaka uliofuata, yenye prosesa ya kizazi cha nane, imepokelewa. Ukiziweka zote mbili mezani, karani wa ofisi ya kata hataona tofauti yoyote katika kazi yake. Laptopu za mtumba zinazoingia nchini ni za namna hii hasa, ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizotoka kwenye ofisi za Ulaya na Ghuba, na zile za kizazi cha sita na cha saba sasa zinashuka bei kwa sababu Microsoft imezikataa. Kwa Linux hizo ndizo bora. Zilitengenezwa kwa ajili ya makampuni, nyingi zina Wi-Fi ya Intel, na draiva za Intel zimo ndani ya kerneli tangu zamani. Bei inashuka kwa kosa ambalo si la mashine, na atakayefaidi ni yule anayejua.

Haki itendeke kwa upande wa pili: Microsoft haikufunga mlango kabisa. Ofisi inaweza kununua ulinzi wa ziada wa Windows 10 kwa dola 61 kwa kila kompyuta mwaka wa kwanza, bei ikiongezeka maradufu kila mwaka hadi mwaka wa tatu. Taasisi za elimu huanza na dola moja tu. Dola moja ni hoja nzito, na shule yenye leseni halali ingekuwa na akili ikiichukua. Tatizo ni hilo neno halali. Mashine iliyopigwa Windows ya kukrakiwa haina pa kuombea ulinzi huo, na programu za kukrakia ni njia inayojulikana ya kuingizia virusi. Shule ya Galula au zahanati ya Kanga, humu wilayani Songwe, yenye mashine za aina hiyo haipo mbele ya uchaguzi kati ya Windows salama na Linux yenye matatizo ya draiva. Ilicho nacho ni Windows isiyo na mwenyewe.

Mkwajuni ina sababu yake ya ziada ya kulimaliza suala hili kabla ya kununua. Hitilafu ya draiva huuma zaidi mbali na mji, kwa kuwa dawa yake mara nyingi ni kupakua kitu, na kipande kilichogoma ndicho hicho cha kuingilia mtandaoni. Jijini Mbeya mtu huchomeka waya wa mtandao kwa jirani. Kwa mtu aliyeko bonde la Rukwa, safari ya barabara ya Mbalizi kumfuata fundi inaweza kula sehemu nzuri ya bei ya laptopu ya mtumba. Upo mlango mdogo ambao wengi hawaujui: simu ya Android ikichomekwa kwa waya wake wa kuchajia na kuwekwa kugawa bando kwa USB, Linux huiona kama kadi ya mtandao bila kuhitaji draiva mpya, na draiva iliyokosekana hupakuliwa kwa bando la kawaida. Simu hiyo yenyewe, kama vile vishkwambi vya Sensa ya 2022 walivyogawiwa walimu, huendeshwa kwa kerneli ya Linux. Wanaosema Linux haijawahi kufika vijijini wanayo mfukoni.

Lakini bora zaidi ni kutouhitaji mlango huo. Hakuna anayenunua pikipiki ya mtumba bila kuiwasha, na laptopu pia huweza kuwashwa kwa maana hiyo. Linux huendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi ya GB 8 bila kugusa diski ya mwenye duka. Mnunuzi huichomeka, husubiri dakika chache, kisha hutazama: Wi-Fi inaona mitandao? Spika zinalia? Kamera inaonyesha uso? Mwanga wa skrini unapanda na kushuka? Ikifunikwa na kufunuliwa, inaamka? Hilo la mwisho ndilo husahaulika, na ndilo huudhi zaidi baadaye. Kipande kinachofanya kazi kutoka kwenye flashi karibu daima kitafanya kazi baada ya kusakinisha, kwa kuwa kerneli na draiva ni zilezile. Muuzaji anayekataa jaribio hilo amekwisha kujibu swali la mnunuzi.

Wapo watakaosema kazi za ofisi haziwezekani bila Windows. Miaka 15 iliyopita hoja hii ingenifunga mdomo. Leo ununuzi wa umma hupita NeST na takwimu za afya huingizwa DHIS2, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Mifumo yote miwili hufunguliwa kwa kivinjari, nacho hakijali kimekaa juu ya mfumo gani. Barua na majedwali huandikwa kwa LibreOffice, japo anayepokea faili zenye mapambo mengi ya Word ataona mistari imehama mara mojamoja, na hilo ni kero ya kweli. Linux isipowezekana, isilazimishwe. Mhasibu anayetegemea QuickBooks ya kusakinisha, mbunifu wa Photoshop, mhandisi wa mgodi wa New Luika mwenye programu zake za kupimia miamba, hao wabaki walipo. Steshenari ijaribu printa kabla ya kuhama. Za HP zina programu iliyotolewa na HP wenyewe kwa ajili ya Linux, lakini baadhi ya Canon ni mtihani.

Jingine linaloletwa ni Munich. Jiji hilo la Ujerumani liliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, likahamisha kompyuta zipatazo 15,000 kufikia 2013, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurudi Windows. Ni kweli, na anayeitetea Linux asiifiche. Ila Kerala, jimbo la India, haikurudi nyuma: mwaka 2019 toleo jipya la mfumo wa shule zake, lililojengwa juu ya Ubuntu, liliandaliwa kwa kompyuta zaidi ya laki mbili. Munich ilikuwa na ofisi nyingi za kale, kila moja na programu zake za Windows za kurithi. Shule za Kerala hazikuwa na urithi wa uzito huo. Shule za Mkwajuni nazo hazina, na kwa hili uchache wa vifaa ni nafuu.

Hofu ya kukosa mafundi ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote, kwa kuwa fundi hujifunza anacholipwa. Tuna mfano wetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa ushirikiano na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi kwa Kiswahili. Kazi ilikuwa nzuri na ilikuja mapema. Hata hivyo kompyuta ziliendelea kununuliwa vilevile, zikifika na Windows ndani, na hakuna programu huru inayoota mizizi ikiwa kila mashine mpya huja na mpinzani wake. Kutafsiri peke yake hakukumpa fundi wa Tunduma mteja hata mmoja wa Linux. Masharti ya ununuzi yangempa.

Kwa hiyo pa kuanzia ni waraka wa zabuni. Halmashauri ya Wilaya ya Songwe hununua chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023, na maelezo ya vifaa huandikwa na watu wake kabla hayajaingia NeST. Afisa TEHAMA anaweza kuongeza sharti moja: kompyuta iwashwe kwa toleo la sasa la Ubuntu au Debian kutoka kwenye flashi wakati wa kukaguliwa, na Wi-Fi, sauti, kamera na kuamka baada ya kufunikwa vifanye kazi bila draiva ya kutafutwa pembeni, isiyofaulu irudishwe kwa mzabuni kwa gharama yake. Sharti hilo halimlazimishi mtu yeyote kutumia Linux, wala halimzuii anayetaka Windows. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini ukiliweka kwenye mikataba yake ya jumla, wauzaji wa Dar es Salaam wataanza kuuliza chipu gani imo ndani kabla ya kuagiza kontena, nao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST) watakuwa na sababu ya kulipwa kwa ujuzi ambao sasa wanautumia kwa kujifurahisha.