Kocha, nyamaza mpira ukianza

Novemba 26, 2006, mjini Nashville, kijana mwenye jina ambalo Mganda yeyote angelitambua alimkamata mtu, kisha akamwachia. Ni Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, aliyekuwa waziri mkuu wa Uganda kabla ya Obote, halafu Jaji Mkuu, hadi watu wa Idi Amin walipomkamata mwaka 1972. Mjukuu alizaliwa Marekani na mwaka huo wa 2006 ndiyo kwanza alikuwa ameanza kucheza futiboli ya Kimarekani ya kulipwa katika timu ya New York Giants. Timu yake iliingia robo ya mwisho ikiongoza kwa pointi 21 kwa 0. Wapinzani, Tennessee Titans, wakarudisha 14, kisha wakabanwa: jaribio la mwisho, yadi 10 mbele yao, wakizikosa mpira unakwenda upande wa pili. Kiwanuka akamfikia kwotabeki wao, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, Vince Young, akamzungushia mikono. Hapo akaamini mpira umekwisha kurushwa, akaogopa adhabu ya kumwangusha mtu asiye na mpira, akafungua mikono. Mpira Young alikuwa nao bado. Akachomoka, akazipata yadi zake, na Titans wakashinda 24 kwa 21.

Sisimulii habari ya Kiwanuka ili kumcheka. Aliendelea kucheza Giants miaka mingi, na Februari 2012 alikuwa uwanjani walipotwaa ubingwa. Ninayemtaka hapa ni Young. Mtu anayeweza kurusha na anayeweza kukimbia humlazimisha mlinzi kukisia, na mlinzi anayekisia, hata akiwa na nguvu kiasi gani, mikono yake hulegea.

Mimi ni mwalimu wa michezo Magomeni. Nafundisha watoto soka, wavulana na wasichana, kwenye kiwanja cha shule chenye vumbi na goli moja lililopinda. Futiboli ya Kimarekani naitazama usiku. Fainali yao huanza kwetu saa nane na nusu, usiku wa kuamkia Jumatatu, na saa moja asubuhi niko gwaride na wanafunzi. Wenzangu huniuliza naona nini kwenye mchezo wa watu waliovaa kofia za chuma wanaosimama kila baada ya sekunde chache. Naona jambo ambalo makocha wa watoto wa Dar es Salaam tunalihitaji kuliko jezi na kuliko nyasi bandia: namna ya kumfundisha mtoto kuamua.

Wamarekani wana mbinu moja, tuiite kimbia-au-rusha. Kwotabeki anapokea mpira na kuuweka tumboni mwa mkimbiaji aliye ubavuni mwake, lakini hauachii. Wazuiaji wa mbele wote wanasukuma kana kwamba ni mbio. Mlinzi mmoja anaachwa makusudi, hakuna anayemgusa. Macho ya kwotabeki yako kwa huyo peke yake. Akipanda kumfuata mkimbiaji, mpira unavutwa na kurushwa palepale alipotoka. Akibaki nyuma, mkimbiaji anaachiwa aende nao. Na kwotabeki akiwa na miguu ya Lamar Jackson wa Baltimore Ravens, kuna la tatu: anaubakiza mwenyewe na kukata upande ulioachwa wazi. Mlinzi yule, afanye lolote, amekosea. Hakushindwa kwa nguvu wala kwa mbio. Amesomwa.

Na muda ni mdogo mno. Kanuni za ligi yao kubwa, NFL, haziwaruhusu wazuiaji kuvuka mstari kwa zaidi ya yadi 1 kabla mpira haujarushwa mbele. Vyuo vikuu wanapewa yadi 3. Wazuiaji wanakwenda mbele kwa kasi, kwa hiyo kwotabeki hana nafasi ya kufikiri mara mbili. Katika muda huo hakuna sauti ya kocha inayoweza kufika.

Sasa njoo viwanja vyetu siku ya Jumamosi, kuanzia Jangwani hadi huku kwetu. Mtoto akigusa mpira tu, pembeni zinalipuka sauti: “Toa! Piga! Mbele! Usikae nao!” Kocha anapiga kelele, mzazi naye, na kaka wa mtoto aliyepita tu na bodaboda naye anasimama kutoa maelekezo. Mwaka jana nilipokea binti mmoja, winga wa kulia, aliyetoka kwenye akademi ya jirani. Ana mbio, ana chenga, mguu wake wa kushoto una akili kama wa kulia. Lakini kila mpira ulipomfikia kichwa kiligeuka kunitazama mimi. Beki yuko mbele yake, mwenzake anapita nyuma yake akiomba, na yeye anamtafuta kocha pembeni ili aambiwe la kufanya. Mpaka macho yarudi uwanjani, beki keshauchukua.

Wapo makocha wa upande wa pili, na sina hakika kama wao wana nafuu. Hao husema kipaji hakifundishwi, mwache mtoto acheze chandimu lake, atajua mwenyewe. Ukimuuliza mtoto wao kwa nini alipiga chenga pale badala ya kutoa pasi, anainua mabega. Ameachiwa kila kitu, hivyo hajui atazame nini.

Hapa ndipo Wamarekani wamenisaidia. Katika kimbia-au-rusha kwotabeki haambiwi afanye apendavyo. Anapewa mtu mmoja wa kumtazama na majibu mawili, labda matatu. Ni uhuru mwembamba, uliopimwa, na kwa hiyo unafundishika hata kwa mtoto wa darasa la tano. Nick Foles, aliyeipa Philadelphia Eagles ubingwa Februari 2018 kwa 41 kwa 33 dhidi ya New England Patriots, hakuwa mkimbiaji kabisa. Msimu ule aliitumia mbinu hii kwa macho na mkono tu. Miaka 7 baadaye timu hiyohiyo ilichukua tena ubingwa, 40 kwa 22 dhidi ya Kansas City Chiefs, ikiongozwa na Jalen Hurts, ambaye miguu yake ni silaha kamili. Kwa Foles na kwa Hurts kazi ilianzia kwenye kusoma.

Nikawachukua watoto wawili wawili. Mmoja ana mpira, mwingine anapita nyuma yake pembeni, mbele yao beki mmoja. Beki namnong'oneza: chagua mwenyewe, panda au rudi, usimwambie mtu. Mwenye mpira namwambia asiutazame mpira wala asinitazame mimi. Atazame goti la mbele la beki. Goti likikunjika kuja kwako, mpe mwenzako. Beki akikaa kwa visigino akirudi, kata ndani uende mwenyewe. Basi, hakuna jingine. Mimi nageuka, nawapa mgongo, nahesabu koni zangu.

Yule binti ilimchukua muda. Siku za mwanzo alisimama na mpira akingoja sauti, na sauti haikuja. Akapokonywa, akapokonywa tena, akakasirika, akaniambia, “Kocha, sasa unatufundisha nini kama husemi?” Nikamuuliza goti la beki lilikuwa wapi. Akajibu bila kusita: “Lilikuja kwangu.” Kwa hiyo ulipaswa? “Kumpa mwenzangu.” Alikuwa anajua. Kilichobaki ni kulijua hilo nusu sekunde mapema, na hilo ni mazoezi.

Wapenzi wa Simba wanalikumbuka bao la kisigino la Clatous Chama dhidi ya Nkana, Desemba 2018, siku ya 3 kwa 1 iliyowapeleka hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Tunaliita uchawi wa miguu. Naomba walitazame tena na waniambie kama kulikuwa na nafasi ya kuambiwa na mtu.

Nitajibiwa kwamba uhuru una gharama, na ni kweli. Robert Griffin wa Washington aling'ara mwaka 2012 akiwa kijana mgeni kwenye ligi, akikimbia na kurusha, na Januari 2013 goti lake likaharibika katika mechi dhidi ya Seattle. Kwotabeki anayekimbia anapigwa zaidi. Mtoto anayeamua mwenyewe naye atapoteza mipira, na timu yake itafungwa mechi ambazo ingeshinda kwa kubutua tu. Mwalimu mkuu atauliza, mzazi atahamisha mtoto. Gharama hiyo naikubali kwa kuwa ile ya kumnyima mtoto uamuzi ni kubwa zaidi: Lamar Jackson mwenyewe wapo wataalamu waliotaka ahamishwe nafasi, awe mpokeaji, kwa kuwa walidhani mwenye mbio hawezi kusoma. Timu zilipochagua vijana wapya mwaka 2018, alichukuliwa wa 32, namba ileile aliyochaguliwa Kiwanuka mwaka 2006. Mwaka 2019 alikimbia yadi 1,206, rekodi ya msimu kwa kwotabeki wakati huo, akarusha pasi 36 za pointi, na wapiga kura wote wakamchagua mchezaji bora. Sisi tuna mabinti wenye mbio za namna hiyo. Serengeti Girls waliwafunga Ufaransa 2 kwa 1 kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2022 kule India, wakafika robo fainali. Tukiwalea wadogo zao kwa kelele, tutawafanya miguu tu.

Kuna kanuni moja ya NFL ningependa wasimamizi wa UMITASHUMTA, mashindano yetu ya shule za msingi, waijue. Kwotabeki ana redio ndani ya kofia na kocha anaruhusiwa kuzungumza naye. Lakini saa ya kuanzisha mchezo ikibakiza sekunde 15, redio inazimwa. Ligi tajiri kuliko zote za mchezo huo, yenye uwezo wa kumnong'oneza mchezaji hadi mwisho, imeamua kwamba kuanzia hapo uamuzi ni wake peke yake.

Kwetu haihitajiki redio wala fedha. Ninaloomba liandikwe kwenye kanuni za mashindano ya shule za msingi ni hili: mpira ukiwa unachezwa, benchi linakaa kimya, kocha aseme wakati wa mapumziko, mpira unapotoka nje, na kwenye mazoezi siku zote za wiki. Mwamuzi aonye mara ya kwanza, mara ya pili amtoe kocha nyuma ya kamba pamoja na wazazi. Mimi nitakuwa wa kwanza kutii, na wilaya ikitaka pa kuijaribia, kiwanja chetu kiko wazi, na hilo goli tutalinyoosha.