Noti Iliyochakaa na Uchumi wa Nchi

Wengi wetu tunazani uchumi wa nchi ni jambo la wakubwa wa Kinshasa. Lakini tunakutana nao kila siku sokoni.

Feza haishibishi, inatusaidia tu kubadilisha jasho letu na chakula. Noti zikiongezeka kuliko vitu, bei zinapanda. Wazazi wetu waliyaona: mwaka 1993, Zaire mpya moja ilibadilishwa kwa Zaire za zamani 3 000 000. Akiba ya miaka mingi ikageuka karatasi.

Kuna ugonjwa mwingine, ulio kinyume. M23 ilipoingia Goma na Bukavu mwanzoni mwa 2025, benki zilifungwa. Noti mpya zikakosekana, na zile zilizobaki zikachakaa mikononi mwetu. Viazi viko, mwenye njaa yuko, lakini feza ya kuwaunganisha haiko. Mwenye feza katika simu naye anakatwa sehemu kusudi apewe noti.

Hatuna uwezo wa kufungua benki. Lakini noti ina samani kwa sababu sisi tunakubali kuipokea. Jumapili tunapokea noti iliyochakaa ya mjane kuwa sadaka; je, Jumatatu tutaikataa dukani mwetu? Nabii Amosi aliwakemea wafanyabiashara waliochezea mizani. Kumkata mwenye shida kupita kiasi ni mizani ileile. Basi tupokeane noti zetu, na yule anayetoa feza za simu aridhike na faida ya haki.