Kompyuta ya Umma, Orodha ya Nani?

Makamanda, tukisikia "kufungia mtandao" akili inakimbilia mambo makubwa: X iliyofungiwa nchini Mei 2025, leseni ya JamiiForums iliyosimamishwa siku 90 Septemba mwaka huohuo. Hayo tuliyapigia kelele. Kuna kufungia kwingine kusikokuwa na tangazo wala barua: kompyuta ya maktaba au ya chuo inayofungua tovuti zilizoidhinishwa tu.

Kiufundi ni kazi ya dakika chache. Kwenye mipangilio ya Chrome au Firefox, fundi anaandika kwamba kila anwani imezuiwa, kisha anaorodhesha chache zinazoruhusiwa. Basi. Tovuti ya wizara inafunguka, ya gazeti inagoma. Anayezuia tovuti za ngono au za matapeli angalau anataja anachokizuia. Mwenye orodha ya ruhusa hataji kitu. Intaneti yote iliyobaki imehukumiwa bila kusikilizwa.

Tuwe wakweli. Kompyuta ya kaunta iliyowekwa kwa kazi moja, mfano kujaza fomu za mkopo wa HESLB, kuifunga ni sawa kabisa, foleni iende. Ninachopinga ni kuifunga hivyo mashine ya kusomea.

Ibara ya 18 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kutafuta na kupokea habari bila kujali mipaka ya nchi. Watatuambia Ibara ya 30(2) inaruhusu kuweka mipaka. Sawa, ila Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun ya 1993, ilisema sheria inayobana haki isiwe ya kionevu, na isibane kuliko lengo linavyohitaji. Kama lengo ni kulinda watoto, mtu mzima ananyimwa gazeti kwa nini? Hata Marekani, Mahakama ya Juu ilipokubali vichujio kwenye maktaba za umma mwaka 2003, ilizingatia kwamba mtu mzima anaweza kuomba afunguliwe.

Na nani anaumia? Mwenye simu janja na bando anacheka tu. Anaumia kijana asiye na hivyo viwili, ambaye kompyuta ya umma ndiyo dirisha lake pekee. Huyo atasoma upande mmoja, halafu tutamwambia akapige kura kwa kujua.

Madai yetu ni matatu. Orodha ibandikwe ukutani, pamoja na cheo cha aliyeiidhinisha. Mtu mzima akiomba tovuti ifunguliwe, afunguliwe bila kuhojiwa. Akikataliwa, apewe sababu kwa maandishi ili ajue pa kukata rufaa.

Kazi ya wiki hii: nenda maktaba iliyo karibu nawe, jaribu tovuti tano, andika zipi zimegoma. Kisha omba orodha kwa barua ukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Wana siku 30 za kujibu. Tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kesi inaanzia kwenye karatasi hiyo.