Kosa Si la Vidole Vyetu

Leo tumekuja na hasira kidogo, mtustahamilie.

Usiku mmoja tulikaa na bi harusi mtarajiwa tukimtengenezea kadi za mwaliko. Juu Bismillahi kwa Kiarabu, chini yake majina ya wazazi na siku ya nikaha kwa Kiswahili, pembeni ua la asumini. Kazi ya saa moja, tulidhani. Tukakosea herufi kwenye Bismillahi, tukabonyeza Ctrl+Z tutengue. Kimya. Tukajaribu Ctrl+C tunakili mstari. Kimya vilevile. Mtoto wa watu akaanza kulengwalengwa na machozi, akidhani kaiharibu kompyuta ya kaka yake.

Hakuharibu kitu. Kibodi ikiwa kwenye Kiarabu, kitufe cha Z huandika ئ, cha C huandika ؤ na cha V huandika ر. Programu iliyotengenezwa kwa uangalifu hutambua kitufe kilichobonyezwa, herufi iwe yoyote. Ile yetu, ambayo jina lake hatulitaji, ilikuwa inatazama herufi. Inangoja Z, inaletewa ئ, inanyamaza. Na hakuna udhuru hapo, kwa sababu hata programu za kwenye intaneti hupewa na kivinjari habari zote mbili: kitufe kipi kimebonyezwa na kimetoa herufi gani. Aliyeitengeneza alitazama moja tu, na hatudhani aliwahi kuijaribu na kibodi ya Kiarabu hata siku moja.

Tulipouliza, tuliambiwa: "Ondoeni Kiarabu, tumieni Kiingereza tu, Bismillahi bandikeni picha." Jawabu hili ndilo lililotukera kuliko kosa lenyewe. Picha ya kuokota ikichapishwa hutoka na ukungu, na mara nyingine herufi zimekatika, na hilo ni jina la Allah, si pambo la keki. Halafu visiwa hivi vimeandika Kiswahili chenyewe kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, barua za mapenzi na hesabu za duka. Leo tuambiwe herufi hizo ni usumbufu?

Mitego haiishi hapo. Kwenye Windows yenye lugha mbili, kawaida Alt na Shift ya kushoto hubadilisha lugha ya kibodi. Lakini Word nayo inatumia Alt+Shift pamoja na mshale kuhamisha aya juu au chini. Ukivishika viwili vile, ukasita, ukaachia, lugha imeshageuka na wewe huna habari. Ukiwa na Kiarabu ndani, Ctrl na Shift ya kulia hugeuza aya nzima ianzie kulia, na nukta ya mwisho inahamia kushoto. Wangapi wetu tumefuta barua nzima tukaanza upya, tukijilaumu wenyewe?

Wala si Kiarabu peke yake. Ndugu zetu walioko Denmark wanajua. Programu nyingi za usanifu hutumia Ctrl na mabano ya mraba, [ na ], kupeleka ua nyuma ya maandishi au kulileta mbele. Kwenye kibodi ya Kidenishi mabano hayo hayana kitufe chao. Hupatikana kwa AltGr na 8 au 9, na kwa Windows AltGr ni sawa na kubonyeza Ctrl na Alt pamoja. Sasa Ctrl+[ uibonyeze vipi? Ujerumani nako Z na Y zimebadilishana mahala, na mabano yamefichwa vilevile.

Wasituambie hawakujua. Raymond Chen, mhandisi wa Microsoft, aliandika mwaka 2004 kwamba Ctrl+Alt isitumiwe kwa njia za mkato, kwa sababu hiyohiyo ya AltGr. Mwaka 2004! Baadhi ya wanaoolewa mwaka huu walikuwa hawajaanza chuo.

Tunachodai ni kidogo. Programu ijaribiwe kibodi ikiwa kwenye Kiarabu kabla ya kuuzwa kwetu. Na kila njia ya mkato mwenyewe aweze kuibadilisha, kama tunavyoachiwa kubadilisha rangi za skrini, jambo ambalo hatukuliomba. Fedha zetu zinapokelewa bila kuulizwa tunaandika kwa herufi gani.

Kwa sasa, dada, kabla hujaanza kadi yako ingia kwenye mipangilio ya lugha ya Windows, uizime ile Alt+Shift, ubaki na kitufe cha Windows pamoja na Space kubadilisha lugha. Ctrl+Z ikinyamaza, rudi kwanza kwenye Kiingereza, tengua, kisha rudi kwenye Kiarabu. Inachosha, tunajua. Na usiifunge kazi kabla ya kuihifadhi.

Kadi za bi harusi wetu zilitoka, alhamdulillah. Bismillahi tuliiandika herufi kwa herufi, tukitengua kwa kwenda na kurudi namna hiyo, mpaka adhana ya alfajiri ikatukuta mezani. Kampuni tumeiandikia, tukawatajia kitufe kwa kitufe. Na wewe kama imekukuta, waandikie wenye programu yako, na barua hiyo iandike kwa Kiswahili.