Mtungi Unapika, Lakini Hauotwi

Juni mwaka jana nilikuwa kwenye kazi za kichungaji katika kigango kimoja nje ya Makambako. Upepo wa pale mnaujua. Katekista alinipeleka kwa bibi mmoja anayesumbuliwa na miguu. Tulimkuta jikoni, amekaa kwenye kigoda karibu na mafiga, moshi umejaa hadi machozi yakatutoka. Pembeni kulikuwa na mtungi wa gesi wa kilo 6, umefunikwa kitambaa safi.

“Kamwene, bibi. Mbona gesi ipo na unateseka na moshi?” nikauliza, kwa ule ujuaji wetu wa kifrateri.

Akanijibu taratibu: “Frateri, huo unapika chai. Hauotwi.”

Nimelikumbuka jibu hilo kila ninaposikia kwamba watu wa vijijini ni wagumu kubadilika. Serikali imefanya jambo kubwa, tuseme ukweli. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati hiyo ifikapo 2034. Kupitia Wakala wa Nishati Vijijini, REA, mitungi ya kilo 6 ikapangwa kuuzwa kwa nusu bei, 3,255 kwa kila wilaya. Katika jumuiya nilizotembelea sikukutana na mtu anayeikataa. Walioukosa ndio walionung'unika.

Manung'uniko ya waliopata huanza gesi inapoisha. Ruzuku imelipia kuanza. Kujaza tena ni bei kamili, na anayekaa ndani kule Lupembe au Wanging'ombe anaongeza nauli ya bodaboda. Kuni za miwati ziko nyuma ya nyumba. Basi mtungi unakuwa wa wageni na wa chai ya asubuhi, maharage yanarudi kwenye mafiga. Sioni ujinga hapo. Ni hesabu ya mama anayejua mfuko wake.

Lakini hata gesi ingejazwa bure, bado kuna baridi. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai joto la usiku hushuka chini ya nyuzi 10, na kuna asubuhi umande unaganda juu ya majani ya viazi. Moto wa jikoni huku hupika, hukausha mahindi darini, huwapa watoto mahali pa kukaa jioni, na wazee hupitishia hapo usiku wao. Mpango uliohesabu sufuria peke yake umehesabu nusu ya kazi ya moto huo.

Nusu iliyosahauliwa ndiyo inayoua. Nyumba mpya ya matofali isiyo na mafiga huingiziwa jiko la mkaa chumbani, mlango na dirisha vikafungwa. Mkaa huo hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtu anasikia kichwa kizito, analala, haamki. Habari hizi tunazisikia kila msimu wa baridi, tunatoa pole, tunazika. Na kuwasha jiko la gesi chumbani ili kuota nako ni hatari.

Wengine watasema tutumie umeme. Kaya ya matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi. Ikizidi hapo, uniti ni shilingi 350. Hita ndogo ya wati 1,000 ikiwashwa saa tatu kila jioni hula uniti 90 kwa mwezi, kabla hujawasha hata taa. Wasiwasi huu si wetu peke yetu. Huko Uingereza serikali hutoa pauni 7,500 kwa mwenye nyumba anayeondoa boila ya gesi na kufunga mtambo wa umeme unaovuta joto la nje na kulileta ndani. Hata hivyo wengi wanasita, kwa sababu umeme kwao ni ghali kuliko gesi. Huko angalau ruzuku inataja joto la nyumba kwa jina lake.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya 2015, aliutaja moshi wa kupikia na wa kuotea miongoni mwa mambo yanayowaumiza maskini. Vyote viwili, kupika na kuota.

Kwa mikoa ya baridi kama Njombe, Iringa na Mbeya, naomba ruzuku ifike pia kwenye jiko banifu lenye bomba la kutoa moshi nje, linalopika na kupasha chumba. Fundi wa matofali wa Makambako anaweza kulijenga. Mabanzi na maranda ya viwanda vyetu vya mbao yapo, na mkaa mbadala unatengenezeka kwayo. Najua jiko hilo si safi kama gesi, na wataalamu watanipinga. Ila bibi yule hachagui kati ya jiko banifu na gesi. Anachagua kati ya moshi na kutetemeka.

Nasi tusikae tukisubiri mkakati mwingine. Jumuiya ndogondogo zetu zina vikoba. Mfuko mdogo wa kujaza gesi kwa zamu unawezekana. Na kabla Juni haijafika, tangazo moja baada ya Misa: jiko la mkaa litolewe nje kabla ya kulala, na wazee wanaoishi peke yao wapitiwe jioni na vijana wa jumuiya, wakaangalie dirisha.